Kigoda cha Hermelinda

Tulilinunua Comodoro, majira ya kukata sufu,
rangi ya majivu, matairi yanifika kiunoni,
kitufe cha mchanga, kitufe cha theluji, kitufe cha matope,
na kimoja chenye mchoro wa mlima
ambacho hadi leo sijui kinafanya nini.
Siku ya kwanza na ya pili lilikuwa mgeni.
Ya tatu tukalipa jembe:
magunia ya chumvi, waya, beberu mmoja mgonjwa.
Na kulipa hatujaacha. Miezi sitini.
Imebaki arobaini na mmoja.

Upepo wa Río Mayo hauna adabu.
Wiki ya pili ulimpokonya Nélida mlango mkononi,
ukaukunja hadi bawaba zikalia.
Fundi Eulogio aliupapasa kama mguu wa farasi,
akasema, "Bibi huyu kazaliwa mjini.
Mwegeshe uso kwa upepo, kama sisi tunavyosimama."
Tangu hapo naegesha hivyo, hata dukani.

Lina macho matano na halijui barabara.
Kati ya zizi letu na lami
ni kilomita thelathini na nane za changarawe,
nalo njia nzima huuliza: mstari, mstari, uko wapi mstari?
Hapa hajapita mtu na ndoo ya rangi.
Kichaka kikavu kikibingirika, lafunga breki;
guanako akiruka mbele yetu, kimya.
Tope likiziba kamera, laniomba,
kwa Kihispania cha Madrid, chenye kulamba meno,
nifute kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi.
Nafuta kwa mkono wa koti.

Mama mkwe wangu alilichukia kwa hoja moja:
hupandi humo bila kuwaonyesha watu soksi zako.
Miaka themanini na miwili, kimo cha mtoto wa darasa la tano.
Alikataa mkono wangu. Alikataa na ile ngazi ya umeme
inayochomoza yenyewe kama ulimi wa mtu mfidhuli.
Akaleta kigoda chake cha kukamulia,
mti wa lenga, miguu mitatu, kizito kama deni.
Kanyaga, panda, vuta kigoda kwa kamba, pakata.
Twende.

Mara tatu kwa wiki, figo zikaoshwe Comodoro.
"Tafadhali funga mkanda," likasema gari.
"Nawe funga mdomo," akalijibu. "Huna hata mama."
Lakini Juni, kiti kilipopata moto chini yake,
alinyamaza hadi njia panda ya Sarmiento.
"Huyu," akasema, "mambo ya makalio anayajua."
Nilicheka nikakanyaga mstari, mstari kweli, mweupe, wa lami,
nalo likapiga kelele
kama aliyeokota pete yake.

Mara moja tu tulikwama, theluji hadi kwenye taa.
Nilibonyeza vyote, pamoja na mlima.
Kioo kikatuchorea, kwa rangi nzuri sana,
magurudumu yetu manne yakizunguka bure.
Hermelinda alitazama ile picha kwa muda,
akafungua dirisha, akanirushia kigoda.
"Chimba."

Tangu Agosti analala kwa binti yake mwingine,
Comodoro, ng'ambo tu ya hospitali.
Siku niliyompeleka alishuka bila msaada,
akaruka, kusema kweli, mikono hewani,
na kigoda kikabaki kwenye kiti.
Sijui kama alisahau.
Sijamuuliza.

Narudi peke yangu na gari linang'ang'ana:
abiria hajafunga mkanda.
Nikaliambia hiki ni kigoda.
Abiria hajafunga mkanda.
Nikapandisha redio. Kilomita tisa tukabishana hivyo,
mimi na kitu nisichokimaliza kulipia,
kisha nikasimama kando, uso kwa upepo,
nikakifunga mkanda.